Msamaha Ambao Kaka Yako Hakuuomba

Iyunga, Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Mwanangu Subilaga,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Nipo ndani ya chumba cha darasa la sita, dirisha halina kioo, na kutoka hapa nakusikia ukibishana na mama yako juu ya blanketi. Yeye anataka ulibebe, wewe unasema huko uendako ni joto. Atashinda yeye, kwa hiyo lifunge tu. Habari za blanketi, mbu, chakula na watu wa kukaa nao utazipata kwake, na zote ni za kweli. Mimi sina maagizo. Nina jambo moja nililolificha miaka mitano, na nikilinyamazia tena litakupokea huko Chuo kabla ya mwenyeji yeyote.

Nimekaa kwenye dawati la mwanafunzi na magoti yangu yamekataa kuingia chini yake. Nilijaribu kuandika mezani kwangu, lakini pale kila sentensi ilitoka na sauti ya mwalimu, na sauti hiyo umeshaichoka. Hapa angalau ninafanana na mtu aliyeitwa kujieleza.

Ni habari ya kaka yako. Najua umekunja uso. Tangu siku ile Masanja alipokuja kuchukua sanduku lake hujamtaja Ambakisye kwa jina. Unasema "yule wa Iringa". Umekata tiketi ya treni, na mama yako alipokuuliza kwa nini, ukasema basi linakutapisha. Mwanangu, basi halijawahi kukutapisha. Umechagua treni kwa sababu haipiti Iringa mjini. Sikulaumu. Kama ningekuwa najua yale tu unayoyajua wewe, na mimi ningepanda treni.

Nianze mbali kidogo, univumilie, ni ugonjwa wa walimu.

Kabla kaka yako hajazaliwa nilikuwa nafundisha kwetu Idodi, shule ya madarasa mawili. Nilikuwa nimesoma mpaka nafasi zilipoishia. Waliendelea wachache, mimi nikapelekwa ualimu, na sikulalamika. Siku moja akaja mkaguzi, kijana mdogo kwangu, na digrii yake mpya. Mama yako alimchinjia jogoo. Akakaa kwenye kiti changu, akafungua daftari langu la maandalio ya masomo, akapiga mstari mwekundu toka juu mpaka chini mbele ya watoto, halafu akaniuliza kama nina maji ya kunawa. Nikamletea maji. Nikamshikia na birika. Jioni ile nilimwambia mama yako kwamba mtoto wetu wa kwanza atafika Chuo Kikuu, na hakuna mkaguzi atakayempigia mstari. Mama yako alicheka, maana mtoto mwenyewe alikuwa bado tumboni. Mimi sikuwa natania.

Kwa hiyo Ambakisye tunaweza kusema hakuzaliwa, aliandikishwa. Wenzake wakichunga, yeye anasoma. Wenzake wakicheza mpira wa matambara pale chini ya reli inapopita sasa, yeye ananisomea gazeti kwa sauti. Hakuwahi kuniuliza kama na yeye anataka, na mimi sikuwahi kumuuliza. Alipoletewa barua ya kuchaguliwa Chuo, nilitembea kutoka posta mpaka nyumbani nikiwa nimeshika barua ile mkononi badala ya kuitia mfukoni, ili watu waulize. Waliuliza. Nilichukua saa mbili kufika.

Likizo zile unazikumbuka. Alikuja na Masanja, mwenzake wa chumba, kijana wa wafugaji waliohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini wakaingia mbuga za Usangu. Walikaa barazani wakabishana mpaka ugali ukaota ngozi. Walitueleza jinsi bwalo la chakula kule Chuo linavyogeuzwa ukumbi wa mdahalo kila wiki, viti vinapangwa pande mbili, na swali linaandikwa ubaoni. Elimu hii ni ya nani? Msomi ni mtumishi wa mkulima au ni bwana wake mpya? Kulikuwa na mwalimu wao mmoja, sitamtaja, aliyekuwa akiwahimiza waseme bila kumwogopa mtu. Wewe ulikuwa kidato cha pili, ukakaa mlangoni na daftari la hesabu ukijifanya husikilizi, na Masanja akawa anaacha hoja katikati kuja kukusahihishia. Ulimpenda kama kaka wa pili na hukukosea.

Mimi nilifurahi kuliko ninyi wote. Nilidhani huko bwaloni ndiko nchi inakopikwa, na mwanangu ameshika mwiko. Lakini likizo ya mwisho Ambakisye alikuwa amepoa. Nilimuuliza midahalo inaendeleaje. Akaniambia, "Baba, pale tunamzungumza mkulima kama marehemu. Kila mtu anamsifu, hakuna anayemngoja aseme." Nikamjibu kwamba ni uchovu wa mitihani. Hilo nalo nalijutia, maana ndiyo mara pekee aliyotaka kunieleza Chuo kilivyo, na mimi nilitaka kusikia kilivyo kwenye barua ile niliyoitembeza.

Mwaka huohuo bibi yako alihamishwa. Unajua watu wa Idodi waliambiwa watoke mashambani kwao wakajenge pamoja kando ya barabara. Bibi alipewa kiwanja kilichopimwa kwa kamba, na mvua ilianza nyumba haijaezekwa. Na kila asubuhi alirudi kwa miguu kule alikotoka kufagia makaburi ya wakwe zake, kwa sababu katika ukoo wetu ufagio huo ni wa mke mkubwa wa nyumba, na hakuna aliyekuwa amemwambia sasa utakuwa wa nani. Ambakisye alimpitia akafagia naye siku mbili. Kisha akarudi Chuo bila kupita hapa.

Yaliyotokea huko nimeyapata kwa Masanja. Mdahalo wa wiki ile ulikuwa juu ya kuhamia vijiji vipya, na ulikuwa wa tatu juu ya jambo hilohilo. Kulikuwa na mgeni mkubwa amekaa mbele. Walisema wa upande huu, wakasema wa upande ule, wote kwa maneno marefu. Ndipo kaka yako akasimama, akataja jina la bibi yako, akasema, "Tumejadili kuhama kwake jioni tatu. Nauliza upande wa pili, na upande wetu pia: yupo anayejua nani anafagia makaburi yake leo?" Masanja alisema kuna mmoja alicheka, halafu wakapiga makofi mpaka sahani zikatikisika jikoni. Mgeni aliinuka akatoka bila kuaga.

Waandaaji wa mdahalo walikuwa wanane, Ambakisye na Masanja wakiwemo. Waliitwa ofisini mmoja mmoja, wakaambiwa warudi makwao, na kila mmoja alete barua ya kuomba msamaha, asiyeleta asirudi. Yule mwalimu aliyewahimiza wasiogope mtu alikuwa mgonjwa wiki ile yote. Wanane walikutana nyuma ya maktaba wakakubaliana kwamba hakuna atakayeandika. Waliamini kwamba wakikataa wote, Chuo hakitawafukuza wote.

Wakaja hapa wote wawili, na sanduku moja la bati wakalibeba huku na huku. Mimi na mama yako tuliwapokea kama waliofiwa. Masanja alikaa siku nne. Alitengeneza kibanda cha kuku, alikufundisha milinganyo, alikula mezani kwangu akanipa heshima zote. Njia ya kwao ilikuwa imejaa maji, kwa hiyo alipoondoka aliacha sanduku kwetu ili atembee mwepesi.

Alipoondoka nilianza na kaka yako. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamnunia. Nilimwambia makaburi yatafagiwa na mwenye digrii vizuri zaidi kuliko asiye nayo, maneno ambayo leo nikiyakumbuka natamani kutema mate. Alinisikiliza kwa adabu. Alijibu jambo moja tu, kwamba amewapa wenzake neno lake. Nami nikaona siku zinakwisha, na nikamwona mkaguzi yule na kalamu yake nyekundu.

Sasa nifike mahali penyewe. Barua ile niliiandika mimi.

Unajua mwandiko wetu. Nilimshika kaka yako mkono tangu ana miaka minne, nikamfundisha mkato wa kila herufi, na alipokua hata karani wa posta alikuwa hatutofautishi. Wewe ulikataa kushikwa mkono, ndiyo maana mwandiko wako ni wako. Basi asubuhi moja, yeye amekwenda mtoni na mama yako kuchimba magimbi, nilikaa mezani, nikachukua karatasi ya mistari, nikaandika kwa jina lake na kutia sahihi yake. Haikunichukua hata nusu saa. Na kosa kubwa halikuwa hilo.

Hapa shuleni mtoto akivunja nidhamu huandika barua ya kujuta, na mimi ndiye niliyeweka mtindo wake, umebandikwa ofisini mpaka leo. Mstari wa kwanza, kosa. Wa pili, kukiri. Wa tatu, taja mwenzako aliyekupotosha. Wa nne, ahadi. Mstari wa tatu niliuweka kwa sababu mtoto akitaja mwenzake, adhabu yake inakuwa ndogo na jambo linaisha upesi. Nimesoma barua za namna hiyo miaka ishirini. Mkono wangu unazijua bila mimi. Nilipofika mstari wa tatu sikusimama hata kidogo. Nikaandika kwamba nilipotoshwa na mwenzangu Masanja.

Kwa nini Masanja? Kwa sababu kati ya wenzake wale saba ndiye pekee niliyemjua jina.

Nilikwenda posta mwenyewe. Sitakudanganya kwamba nilijisikia vibaya. Nilijisikia kama mtu aliyeezeka nyumba kabla ya mvua.

Jibu lilikuja baada ya majuma machache: msamaha umepokelewa, arudi masomoni. Ambakisye alisoma mara mbili, akanitazama, akajua. Hakupaza sauti. Alisema, "Nikiwaambia si mimi, watauliza ni nani. Mwalimu mkuu anayeghushi barua hakai kazini, na Subi bado yuko shule. Umenifunga, baba." Nilimwambia arudi tu, wenzake wataelewa, mambo haya husahaulika. Sikumwambia habari ya mstari wa tatu. Nilikuwa nimeshaanza kuuogopa, lakini nilijipa moyo kwamba huko juu hawafuati mambo ya kitoto kama hayo.

Na hili nataka ulisikie vizuri, wewe unayekwenda huko. Hakuna aliyemwita kumuuliza. Hakuna aliyesema, kijana huyu juzi alisimama akasema maneno yale, leo anaandika haya, hebu aje tumsikie. Walipokea karatasi wakaitia kwenye faili. Maisha yangu yote niliamini kwamba huko juu wanasoma kwa macho mengine. Kumbe wanasoma kama mimi ninavyosoma barua za watoto wa darasa hili: naangalia kama mistari yote minne ipo, natia sahihi, naita anayefuata.

Siku ya sanduku ulikuwepo. Nadhani unaikumbuka kuliko mimi, lakini wewe ulikuwa umesimama upande wa jikoni na hukuona uso wa kaka yako. Masanja alikuwa ametoka Chuo, alikoitwa akaambiwa yeye harudi tena, maana ametajwa kuwa ndiye kiongozi. Alikataa kukaa. Alisimama mlangoni na vumbi la safari, akasema, "Amba, wamenionyesha barua yako. Nimeujua mwandiko. Niambie tu kwamba si wewe."

Kaka yako ndipo alipojua kwamba nilitaja jina. Aligeuka akanitazama. Ilikuwa ni nafasi yangu, Subilaga, ilikuwa imewekwa mbele yangu mezani. Ningesema neno moja. Nilisema, "Karibu chakula, Masanja."

Ambakisye akageuka tena mlangoni akasema, "Ni mimi."

Wewe ulisikia hayo maneno mawili, na kuanzia hapo umemhukumu kwa ushahidi kamili. Mimi ningekupa alama zote. Masanja alibeba sanduku kichwani akaenda, na wewe ukamfuata mpaka barabarani ukilia, ukarudi usiseme na mtu. Usiku kaka yako alinyoosha nguo zake za safari kwa pasi ya mkaa, polepole, kama anayemnyooshea mtu mwingine. Sikuthubutu kuingia chumbani.

Alimaliza. Wale sita waliruhusiwa kurudi baada ya mwaka, na waliporudi hawakukaa naye meza moja. Nilikwenda siku ya kupewa shahada, nimevaa koti la harusi yangu. Nilikuwa nimengoja siku ile tangu Idodi, na nilitaka kuona kila kitu: maktaba, bwalo, majoho. Niliona pia kwamba wenzake wakipigwa picha makundi makundi, yeye alikuwa amesimama peke yake karibu na bomba la maji. Nilimuuliza kama siku hizi midahalo ipo. Akasema ipo, inajaa watu, yule mwalimu amepona. Akacheka kidogo. Tangu mdahalo ule wa bibi yake hakuwahi kusimama tena bwaloni. Miaka yote iliyobaki alikwenda darasani, akaandika wanayotaka, akapata alama nzuri kuliko mwanzo. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alipokuwa na la kusema walimfukuza, na alipokuwa hana tena wakampa daraja la juu.

Tulipotoka nje ya lango alinikabidhi cheti kikiwa bado kimefungwa utepe. "Chukua, baba," alisema. "Hiki ni chako." Kiko chini ya kitanda changu. Mama yako aliponiuliza kwa nini sikitundiki nilisema nangoja kioo.

Sasa uelewe kwa nini yuko Iringa na haji hapa. Si kwamba anaona haya kwako, kama ulivyomwambia shangazi yako. Anajua akikaa nyumba moja na mimi na wewe, siku moja utamtukana mbele yangu, na mimi nitanyamaza tena, na yeye hataweza kuvumilia mara ya pili. Anafanya kazi ofisi ya mazao, anapima magunia ya watu. Bibi yako alipofariki ndiye aliyemzika kule kwenye makaburi ya wakwe zake, si kijiji kipya, na nasikia kwamba kila baada ya mavuno huenda Idodi na ufagio. Hakuwahi kuniambia. Niliambiwa na watu.

Mwezi uliopita nilipomwambia mama yako kwamba nakwenda semina Chimala, nilimdanganya. Nilikwenda Usangu kumtafuta Masanja. Nilimpata siku ya pili, anachunga ng'ombe wa baba yake pamoja na wachache walio wake mwenyewe, amekonda, amefuga ndevu. Alinikaribisha kivulini, akamtuma mke wake alete maziwa mgando. Nilimwambia yote, kama nilivyokuambia wewe, ila kwa maneno mafupi zaidi. Hakunikatiza. Mwishoni akauliza, "Kwa nini mimi, mwalimu? Tulikuwa wanane."

Nilimjibu kweli. "Wengine sikuwajua majina. Wewe nilikujua kwa sababu ulikula kwangu."

Kibuyu kilikuwa bado mkononi mwangu, na kwao mgeni akipewa maziwa haondoki hajamaliza. Alikaa nami mpaka nikamaliza. Alinipokea kibuyu kwa mikono miwili. Akasema, "Amba nitamtafuta mwenyewe. Wewe usije tena, mwalimu." Akanisindikiza mpaka njia panda, kwa heshima ileile, na akageuka kwenda kwa ng'ombe wake. Nilikuwa nimetumaini atanitukana. Nililia njiani, mtu mzima na mvi zangu, mpaka kijana wa lori akaniuliza kama natoka msibani.

Mama yako nilimwambia wiki iliyopita. Alikuwa anachambua maharage. Alichambua yote mpaka ungo ukaisha, ndipo akasema, "Miaka yote hii namwombea Amba asamehewe. Kumbe nilikuwa nakosea jina." Tangu hapo ananiandalia chakula na kuondoka mezani. Ukiona kesho tumesimama mbalimbali, ndiyo sababu.

Nisingependa ufike huko ukidhani nakukataza kusema. Juzi ulisema kwa sauti, ili nisikie, kwamba wewe utasimama bwaloni useme yale aliyoyakimbia kaka yako. Simama. Lakini ujue kwamba hakukimbia. Makofi yale hayakuwa na mtu wa kumsindikiza ofisini kesho yake, na hata yako hayatakuwa naye. Na kama utamsemea bibi fulani wa kijiji fulani, uwe umeshafagia naye. Mengine utayaona mwenyewe, na pengine utakuta Chuo kizuri kuliko nilivyokiharibu hapa. Natamani iwe hivyo. Mimi bado napenda vitabu, Subi. Naogopa tu mtu anayependa cheti kuliko mtoto, na mtu huyo amekulea.

Najua ninachofanya. Leo asubuhi ulikuwa na kaka mmoja mbaya na baba mmoja mwema, na ukimaliza kusoma hapa itakuwa kinyume. Nimehesabu hilo kwa miaka. Kila mara nilijiambia, ngoja amalize kidato cha nne, ngoja amalize cha sita, ngoja aanze kazi. Nilikuwa naogopa kukupoteza. Kaka yako alikupoteza wewe, akampoteza rafiki yake, na hakuwahi kuandika hata mstari mmoja wa kujitetea, ili mimi niendelee kuitwa mwalimu hapa Iyunga. Sina haki ya kuendelea kukaa juu ya mgongo wake.

Jana niliandika barua Chuo na nyingine kwa afisa elimu. Watanifanya watakavyo, sitaki ulibebe hilo kwenye safari yako.

Ndani ya bahasha hii kuna tiketi ya basi la kesho alfajiri mpaka Iringa. Ya treni unayo mwenyewe. Sitakuuliza umetumia ipi. Ukishuka Iringa, nenda Mlandege, uliza mashine ya kusaga, anapanga chumba cha uani nyuma yake, na siku ya Jumapili akitoka kanisani huwa hatoki tena. Sikutumi kumwomba msamaha kwa niaba yangu. Nimeshaomba mara moja kwa jina la mtu mwingine na umeona kilichotokea. Kaa naye tu, kula atakachopika, mwache akuulize habari za hesabu. Siku inayofuata utaendelea na safari.

Huko Chuo watakuuliza kama wewe ni dada yake. Usikane. Wapo watakaokusimulia barua ile, na karani mmoja anaweza hata kuwa bado anayo kwenye faili. Waonyeshe hii, waziweke mezani pamoja. Wataona mwandiko ni mmoja, na kwamba ile ina jina la mtoto, na hii ina jina la aliyeandika zote mbili.

Ni mimi,
baba yako,
Mwalimu Elia